Mpunga Tulioukata Mbichi kwa Ajili ya Fainali

Uwanja wetu hauna uzio. Hiyo ndiyo kasoro waliyoitaja kwanza wale waliotunyang'anya fainali, kisha wakaongeza mengine: hauna majukwaa, hauna vyumba vya kubadilishia nguo, nyasi zake ni za kuokoteza. Yote ni kweli, sibishi. Ifakara tunatazama mpira tukiwa tumesimama kwenye mstari wa chokaa, vidole vya miguu vikigusa ule weupe, na mshika kibendera anapita akitusukuma kwa kiwiko na kutuomba radhi. Mchezaji akienda kupiga kona, lazima kwanza tumpishe. Bibi mmoja wa mtaani kwetu huja na kigoda chake, na mpira ukimfuata anauzuia kwa fimbo, watu wanacheka. Winga akipita mbele yako unamsikia anavyohema.

Nayasema haya kwa sababu kila mtu alilia na lake siku ile, na wengi walililia heshima ya mji. Mimi nililia kwa sababu ya uzio. Baba yangu alihitaji uwanja usio na uzio, na Ifakara tulikuwa nao.

Macho yake yalianza kuharibika taratibu, akiyaficha. Alimwamkia mgomba. Alimimina chai nje ya kikombe, akasingizia mkono. Nilipombeba kwa nguvu hadi kwa daktari wa macho tukaambiwa ni presha ya macho, imekula kwa miaka, na kilichopotea hakirudi. Matone tuliyopewa ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kiduara kidogo mbele yake. Kitu kikiwa karibu, naye akikielekea, alikiona. Pembeni giza, na mbali ni ukungu. Alikuwa kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa winga wa kulia wa timu ya vijana ya wilaya. Mama alifariki mtoto huyu akiwa hajaacha ziwa, nikamlea mimi na baba, mimi kwa uji na baba kwa hadithi. Lakini baba hakuwahi kumwona akicheza. Wenye mashamba ya bondeni watanielewa. Mvua zikianza, baba alihama na sufuria, kuku na mkeka, akavuka daraja kwenda upande wa Lupiro, na huko alikaa kwenye kibanda kando ya dungu, lile jukwaa la miti la kukalia mtu anayewinga ndege. Alirudi mjini mpunga ukiwa ndani ya magunia. Ligi zote zilichezwa yeye akiwa bondeni anapigia kelele kwelea kwelea. Na kusema kweli aliuona mpira kama upuuzi wa watu walioshiba.

Mwaka ule timu yetu ikaingia fainali ya kombe la vijana la mkoa, na tukaahidiwa kwamba itachezwa Ifakara. Nilivuka daraja kumpelekea habari. Nilimkuta juu ya dungu akiwa amefumba macho kabisa, anasikiliza mabawa, maana ndege alikuwa hawaoni tena.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeleta chumvi?"

Nikampa chumvi, nikampa na habari. Akaionja chumvi kwa ncha ya ulimi. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu asiyependa mpira.

"Winga anakimbilia wapi? Katikati au kando?"

"Kando, baba. Kwenye mstari kabisa."

"Na sisi tunasimama wapi?"

"Kwenye mstari huohuo."

Akateremka ngazi ya dungu akipapasa kwa mguu, akasimama mbele yangu. "Basi atapita hapa," akasema, akanyoosha mkono hadi ukanigusa bega. "Hapa ninaona. Nitamwona mwanangu kabla dirisha halijafungwa."

Hapo ndipo balaa la mpunga lilipoanzia. Fainali iliangukia wakati ambao mpunga wa baba ulikuwa umeanza kupata rangi lakini shina la suke bado la kijani, yaani siku zile ambazo ndege na nguruwe hawakupi nafasi hata ya kwenda kuteka maji. Mtu mmoja lazima abaki. Nani abaki? Mimi nilikuwa nimemlea yule mtoto. Kaka yangu anayenifuata alikuwa ameshajitangaza kuwa mshika ngoma wa mashabiki. Jirani yetu wa huko bondeni, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita, alikuja mwenyewe kwa baba. Mwanawe ndiye alikuwa golikipa wa timu yetu, kwa hiyo naye alikuwa anakwenda mjini, lakini alisema wachungaji wake watabaki, watatuangalizia.

"Bhabha, usiwe na wasiwasi. Vijana wangu watalinda kama kwao."

Baba alimshukuru, akamkaribisha uji, akamsindikiza mpaka njiani. Aliporudi akaniambia, "Fisi nimwachie bucha?" Ng'ombe wa jirani huyo waliwahi kutuingilia shambani, wakafyeka robo nzima ya mpunga, shauri likafika kwa mtendaji. Walipatana, lakini kupatana ni kitu kimoja na kusahau ni kingine.

Akaamua tuukate. Baba yangu huyo! Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mpunga haukatwi kwa haraka ya mtu, unakatwa kwa haraka yake wenyewe. Mchele wake ulijulikana sokoni; wanawake waliuulizia, wakaumimina kiganjani, wakaunusa, wakaona punje ndefu zisizokatika. Hakuwahi kuukata mpunga mbichi hata mwaka wa mafuriko. Nilimwambia, "Baba, huu bado." Akajibu kwamba anajua kuwa bado, haoni lakini anajua, na kwamba mpunga atapanda mwingine mwakani, kama Mungu akipenda. Nilielewa kitu ambacho hakukisema, nikachukua mundu.

Tuliukata, tukaupiga, tukaupakia kwenye pikipiki, gunia baada ya gunia, mpaka nyumbani Ifakara. Baba alikata nasi kwa kupapasa, akishika kishungi kwa mkono wa kushoto na kukipitishia mundu. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mama azikwe. Aliniuliza mtoto anavaa jezi rangi gani. Nikamwambia ya njano. "Vizuri," akasema. "Njano naipata."

Mjini nako watu walikuwa wamechachamaa. Vijana wa bodaboda walifukia mashimo ya golini kwa udongo wa kichuguu. Kina mama wa jumuiya walifyeka nyasi. Chokaa ilichangwa, mistari ikachorwa upya, ikatoka imepinda kidogo upande wa mashariki na hakuna aliyejali. Watu walikuwa wakishuka kutoka Mang'ula na Sanje kuja kupanga sehemu za kulala kwa ndugu zao. Gari la matangazo lilipita kutwa nzima na wimbo mmoja, likituita tujitokeze kwa wingi. Mimi ni fundi cherehani. Nilishona mabaki ya vitambaa vya njano kuwa vibendera, nikavitundika dirishani kwangu.

Siku mbili kabla ya mechi gari lilelile likapita tena. Wimbo uleule, sauti ileile. Nilikuwa uani na baba, tunaugeuza mpunga kwenye turubai kwa miguu. Baba akatabasamu alipousikia wimbo. Kisha ile sauti ikasema kwamba kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wa waandaaji, fainali itachezwa Morogoro mjini, kwa kuwa uwanja wetu haujakidhi vigezo. Mashabiki wote mnakaribishwa. Ikarudia mara ya pili kwa furaha ileile, kama inauza sabuni.

Baba aliendelea kuburuza miguu kwenye mpunga. Aliburuza mpaka mwisho wa turubai, akageuka, akarudi. "Wamesema wapi?" akaniuliza, ingawa alikuwa amesikia.

Mji ulichafuka. Kwenye kijiwe cha bodaboda watu walipandisha sauti mpaka ugomvi ukatokea wao kwa wao. Mmoja alisema ni hongo, mwingine akasema ni mambo ya kamera za televisheni, wa tatu akasema wenzetu wa mjini walikuwepo kwenye kikao na sisi hatukuwepo, na asiyekuwepo na lake halipo. Huyo wa tatu nadhani alipatia. Yule jirani yetu mfugaji alikuwa ameshafika na wanawe wadogo kwenye pikipiki, wamevaa nguo za sikukuu. Alisimama katikati ya kelele akauliza taratibu, "Kwani vigezo hivi vilizaliwa jana? Walipotuahidi, uzio ulikuwepo?" Lilikuwa ndilo swali lenyewe.

Mimi nilikwenda kwa afisa michezo. Nilikwenda na kanga yangu ya kazini, nyuzi zikining'inia, maana ningekwenda kubadili nguo hasira ingepoa. Nikamkuta kijana mpole, na upole wake ukanizidishia ghadhabu.

"Dada, karibu. Hata sisi imetuuma. Ni maelekezo."

Nikamwambia sikuja kuuliza sababu. Nilikuja kuuliza kitu kimoja: baba yangu akisafiri kwenda huko, ataruhusiwa kusimama kwenye mstari? Nikamweleza habari ya macho. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Akaniambia kule kuna uzio, halafu kuna njia ya wanariadha, ndipo uwanja unaanza. Ndani ya uzio wanaingia wachezaji na viongozi tu.

"Mzee atakaa jukwaani na wenzake. Kuna viti kabisa, hatasimama."

"Jukwaani haoni."

"Basi... tutarekodi. Ataangalia kwenye simu."

Nilimtazama. Alikuwa hana ubaya wowote, na hakuwa ameelewa. Nilitamani kupindua ile meza. Badala yake nilisema asante, na nikalia njiani waziwazi, watu wakinipa pole wakidhani nimefiwa.

Kaka yangu alisafiri na ngoma yake pamoja na basi la mashabiki. Halikujaa hata nusu, maana wengi walikuwa wameacha mashamba kwa siku moja, siyo tatu. Nilimuuliza baba kama angependa kwenda hivyohivyo, akasikilize kelele. Akasema kelele amezisikia nyingi. Nami sikwenda. Mtoto alipita asubuhi na begi lake kuaga, akapiga goti mbele ya baba, akasema, "Shikamoo baba, naomba uniombee." Baba alimwekea mkono kichwani, akamwombea kwa Kipogoro, kirefu. Yule mtoto aliinuka, akachukua begi lake. Alikuwa akijua kwamba baba hatamwona, wote tulijua.

Jioni ya fainali mji mzima ulikuwa kwenye masikio. Kijiweni waliweka simu moja juu ya sanduku, na kaka yangu akitangaza kutoka Morogoro kwa sauti iliyokauka. Mtandao ulikatika, ukarudi, ukakatika. Mimi nilikuwa nakwenda na kurudi kati ya kijiwe na uani kwetu, nampelekea baba vipande. Amepata mpira. Amempita mtu. Amepiga, umegonga mwamba. Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa turubai, akiuliza, "Kwa mguu upi?" Mimi sikujua mguu upi. Nilirudi kijiweni kuuliza, na hakuna aliyejua.

Tulifungwa kwa penalti. Kaka alisema uwanja ule mkubwa ulikuwa nusu mtupu, na waliokuwepo walikuwa wakila karanga, hawajui jina la mchezaji hata mmoja. Alisema vijana wetu walipotoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo waliangaza macho pembeni kutafuta watu wao, na watu wao walikuwa ng'ambo ya uzio, konzi moja tu. Kijiweni mtu mmoja aliitupa kofia yake chini akaikanyaga. "Hapa wangetufunga?" akauliza. "Hapa wangetufunga?" Jirani yetu mfugaji aliwakusanya wanawe, akawapakia, akaondoka bila kuaga.

Wiki kadhaa baadaye tulipeleka mpunga mashineni. Nilijua, na bado niliinamia mdomo wa mashine mchele ulipoanza kutoka. Chenga tupu. Punje zilizopasuka vipande vipande, nyeupe kama chaki na hazina harufu. Mwenye mashine, anayetufahamu miaka mingi, alizima mota akaniuliza kama kweli huu ni wa mzee. Baba alikuwa amesimama pembeni. Aliingiza mkono, akachota, akausugua mchele kwa kidole gumba polepole, akaurudisha. Mwaka mzima tulikula uji wa chenga na vitumbua, na kwa mara ya kwanza wanawake wa sokoni walimpita. Hilo lilimuuma, alikuwa mtu wa sifa. Lakini sikumsikia hata siku moja akisema tusingekata.

Kile kiduara kiliendelea kufinyaa. Nilimtilia matone asubuhi na jioni, nikimshika kidevu kama nilivyomshika mtoto kumpa dawa. Mpaka mwezi wa kumi alikuwa ananitambua kwa kanga. Mwezi wa kumi na moja akaanza kuniuliza kama taa imewashwa.

Mwezi wa kumi na mbili wakubwa wakaja na wazo. Ili kuwapa pole wananchi, timu ileile itacheza mechi ya kirafiki Ifakara, kwenye uwanja wetu, na kikombe cha mshindi wa pili kitazungushwa watu wakione. Gari la matangazo likapita. Safari hii watu walilisikiliza wakiwa wamekunja mikono. Walisema wakacheze huko walikotupeleka. Walisema uwanja umepataje vigezo ghafla. Mji wetu ukinuna unanuna kweli. Hata watoto walizuiwa. Mimi ningekuwa wa kwanza kununa, na ulimi wangu ulikuwa tayari umeshanoa maneno, lakini asubuhi ya mechi nilimkuta baba ameshaoga, amevaa shati la kanisani, amekaa mlangoni na fimbo yake.

"Tutachelewa," akasema.

Sijawahi kuona uwanja wetu mtupu kiasi kile wakati wa mechi. Kulikuwa na viongozi kwenye viti vya plastiki, mbwa wawili, muuza barafu aliyekosea siku, na jirani yetu mfugaji, aliyekuja kwa ajili ya golikipa wake. Nilimpeleka baba upande wa kulia, nikamsimamisha kwenye mstari mpaka ncha za viatu vyake zikashika chokaa. Jirani akatusogelea, akaamkiana na baba, akasimama upande wake wa pili bila kuombwa.

Mpira ulipoanza, jirani alianza kumsimulia. "Sasa yuko kulia, bhabha. Kijana wako anangojea. Haya, amepewa, anakuja, anakuja..." Mdogo wangu alipita mbele yetu, karibu kabisa, ningeweza kumshika jezi. Baba aligeuza uso kumfuata. Alikuwa amechelewa kugeuka, akawa anatazama mahali ambapo mtoto ameshapita.

Mara ya pili baba alimgusa jirani mkono, akamwomba anyamaze kidogo. Tukanyamaza. Na kwa kuwa hapakuwa na ngoma, wala vigelegele, wala mtu wa kumtukana refa, uwanja mzima ulisikika: mpira ukidunda, viatu vikikwaruza udongo, na sauti ya mtoto wetu akiita. "Nipe! Hapa! Nipe!" Ilikuwa imekuwa nzito mwaka ule, ya mtu mzima. Alipita tena anahema, akapiga krosi, jasho likaturukia. Sijui kama alituona. Nadhani alituona, maana tangu hapo alikuwa akiita hata mpira ulipokuwa mbali naye, akiita bila sababu, mpaka wenzake wakamshangaa.

Baba alisimama hivyo hadi kipenga cha mwisho. Hakukaa, hakuegemea. Mashavu yake yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta. Jirani yetu akamwambia kwamba kijana amecheza vizuri sana, kwamba leo ameonyesha.

"Nimemsikia," baba akasema. "Nimemsikia vizuri kabisa."

Nikamshika mkono tuondoke. Tulitembea kidogo kwenye nyasi zile za kuokoteza, kisha akasimama, akanigeukia, akaniambia polepole, kama mtu anayeomba kitu ambacho anajua hakipo.

"Lakini mimi, mwanangu, nilitaka kumwona."